Makosa ya Brayani

Kitabu kilifika kimefungwa kwa gazeti, na gazeti limezungushiwa uzi wa katani, kana kwamba ndani mna kitu cha kumwagika. Mwalimu Abeli alimkabidhi Irine nje ya ofisi ya wakala wa forodha pale mpakani Rusumo, malori yakiwa yamejipanga kuelekea darajani, akasema maneno ambayo bila shaka aliyafanyia mazoezi njia nzima kutoka Kibimba.

"Mimi kuongea sijui. Kila ninachotaka kukwambia kimo humu."

Kisha akapanda bodaboda akaondoka, hata soda hakunywa.

Kazi ya Irine pale ofisini ilikuwa kukagua nyaraka za mizigo kabla hazijapelekwa forodhani. Alizisoma mstari kwa mstari, mpaka maandishi yaliyozunguka mhuri. Madereva walimlalamikia kwamba anachelewesha safari, lakini lori lililopitia mikononi mwake halikurudishwa. Mtu wa namna hiyo ukimpa kitabu, atakimaliza. Hilo Abeli hakulifikiria.

Walifahamiana kwenye bonanza la Pasaka. Abeli, kijana wa Kisukuma wa Biharamulo anayefundisha Kibimba, alikuja na timu ya walimu ya mpira wa wavu. Irine alikuwa ametoka kucheza mpira wa pete, amekaa pembeni anajifuta jasho, akaona mkono wa mwalimu mmoja mrefu ukigusa wavu wakati anapiga. Refa hakuona. Irine akapaza sauti: "Mwalimu, umegusa wavu." Yule mwalimu akageuka, akamtazama, kisha akamwambia refa kwamba ni kweli. Pointi ikaenda kwa wapinzani, na walimu wenzake wakamsimanga mpaka jua linazama. Irine akajikuta anauliza jina lake.

Sasa mambo yalikuwa yamefika mbali. Jumamosi ya wiki iliyofuata wazee wa Abeli walikuwa wanakuja nyumbani kwa kina Irine kujitambulisha. Na kabla ya hapo, Abeli kaleta kitabu.

Kiliitwa *Jezi Kumi Moyoni*. Kwenye jalada kulikuwa na kijana ameshika mpira na msichana aliyevaa sketi ya mpira wa pete, nyuma yao majengo ya chuo. Irine alikisoma kwa sauti jioni ile ile uani, kwa sababu Shangazi Benedicta, dada wa baba yake, alikuwa anachambua maharage na macho yake hayakupatana tena na herufi ndogo. Shangazi ndiye angetoa neno siku ya posa, hivyo ilifaa asikie.

Sura ya kwanza iliwakuta wazima na ikawaacha hoi. Brayani, nyota wa soka wa chuo, amechelewa mazoezini, na adhabu yake ni kufua jezi za timu nzima. Anapita Nansi, nahodha wa timu ya mpira wa pete, anasimama mbele ya beseni na kumuuliza: "Kaka, hizo jezi unazifua au unazibembeleza?"

Shangazi alicheka mpaka ungo ukamtoka mkononi.

"Binti ana akili huyo," alisema, huku akiokota maharage. "Endelea."

Irine aliendelea. Moyoni alikuwa ameshaanza kumwona Abeli kwa jicho jipya. Kumbe mtu mkimya anaweza kuchagua maneno hivi.

Sura ya pili haikuwa mbaya. Sura ya tatu, Nansi alikaa jukwaani akiwa na leso, akamtazama Brayani anavyofanya mazoezi. Sura ya nne alikaa tena. Timu yake ya mpira wa pete iliyeyuka kama chumvi kwenye mchuzi, isitajwe tena.

"Mechi zao wanacheza lini hawa wasichana?" Shangazi aliuliza.

"Labda mbele," Irine alisema, maana hakuwa mwepesi wa kuhukumu.

Mbele hakukuwa na kitu. Kila jioni walisoma na kila jioni Nansi alikaa. Kipa wa timu aliitwa Musa katika sura moja na Yakobo katika nyingine. Brayani hakutoa pasi hata kwa bahati mbaya. Siku ya fainali baba yake alilazwa, simu ikaita akiwa anavaa viatu, naye akaizima, akaingia uwanjani akafunga bao kutoka katikati ya uwanja, mguu ukiwa umeteguka, kwenye mvua kubwa ambayo haikumlowesha mtu. Nansi alilia kurasa nyingi mfululizo. Ukurasa wa mwisho wakawa ukumbini, wameoana, wanakata keki.

Shangazi aliweka ungo chini.

"Nani alikwenda kwao binti?"

"Hakuna, Shangazi."

"Umeruka ukurasa. Rudi nyuma."

Irine alirudi nyuma. Hakuwa ameruka kitu.

"Basi hawajaoana hao," Shangazi alikata shauri. "Wamekula keki tu."

Irine alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kitabu kibaya si msiba, vingi amevisoma na kuvisahau. Hiki kilikuja na maneno ya mtu. Kila ninachotaka kukwambia kimo humu. Irine alikuwa mlinzi tegemeo wa timu ya Rusumo, na Jumamosi yake haikuwa Jumamosi bila vumbi la uwanja. Je, Abeli alikuwa anamwambia kwa adabu kwamba akishaolewa atakaa jukwaani na leso? Kama ndivyo, afadhali ajue kabla ya posa kupokelewa.

Alituma ujumbe: "Nimemaliza kitabu. Wewe kilikupendeza wapi?"

Jibu lilikuja upesi: "Nansi. Nilimpenda Nansi."

Hilo likawa kama chumvi kwenye kidonda.

"Muulize waziwazi," Shangazi alimwambia.

"Nikimuuliza kwenye simu atanijibu ninachotaka kusikia. Nataka nimsikie anavyosema."

Shangazi alifikiri, kisha akachukua kile kitabu, akakifunga kwenye kitenge chake. "Basi niachie mimi. Lakini jua, mwanangu, nikiona ndivyo alivyo, nitawarudisha Biharamulo na njaa yao."

"Warudishe," Irine alisema. Alisema kwa sauti ndogo, maana lilimuuma.

Siku ilipofika wageni walikuja mapema. Mbele alikuwa mzee Shibuda, baba mdogo wa Abeli, kofia pana kichwani na fimbo mkononi. Nyuma yake Abeli, amefunga tai iliyomkaba. Walisalimiana, shikamoo zikapokelewa, wakakaribishwa sebuleni na baba yake Irine, mzee Pancras, aliyekuwa mtu wa maneno machache. Pombe ya ndizi ililetwa. Irine, kama ilivyo desturi, alikaa nyuma ya pazia la chumba cha pili, sahani mkononi, masikio wazi. Na Abeli, kama ilivyo desturi, alikaa kimya, maana siku kama hiyo mchumba hana mdomo. Mdomo wake ni mshenga.

Mzee Shibuda alikohoa. "Ndugu zetu, sisi ni watu wa ng'ombe. Tumefuata nyayo za mtamba, tumevuka mito na mashamba yenu ya migomba, nyayo zikaishia hapa mlangoni. Tukasema tusipite bila kubisha hodi."

"Hodi yenu tumeisikia," Shangazi alisema. "Kabla hatujaangalia zizini, mzee wangu, nina maswali."

"Uliza, mama. Nimekuja nayo majibu."

"Mtu ambaye baba yake amelazwa hospitali, simu inaita, anaizima ili akacheze mpira. Huyo kwenu mnamwitaje?"

Mzee Shibuda alimtazama Abeli, akamrudia Shangazi. "Mama, nani kalazwa? Kaka yangu nimemwacha asubuhi anakamua."

"Sisemi leo. Nasema siku ile ya fainali."

"Fainali gani?"

"Tuiache hiyo. Na tunasikia ni mchoyo. Mpira akiupata, hatoi."

"Hapo mmeambiwa uongo," Shibuda alisema, na sauti yake ikapata nguvu. "Mtoto huyu tangu mdogo akipewa kiazi anakigawa. Mama yake alikuwa anamficha ndani ale ashibe."

"La mwisho. Tunasikia alishaoa, tena bila kwenda kwa wazazi wa binti."

Glasi ya mzee Shibuda ilirudi mezani taratibu. Mzee Pancras, ambaye hakuna aliyemsomea kitabu chochote, aliinuka kidogo kwenye kiti.

"Ameoa wapi?"

"Chuoni," Shangazi alisema, bila haraka.

Mzee Shibuda alimgeukia Abeli, akamuuliza jambo kwa Kisukuma, fupi na zito. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie: "Kama ni kweli, nipeni fimbo yangu. Kazi yangu nitaifanyia njiani."

Ndipo Shangazi alipofungua kitenge na kuweka kitabu mezani. Abeli alikitazama, na jasho likamtoka.

"Wazee wangu, naomba ruhusa niseme."

"Utasema," alisema Shibuda. "Tena haraka."

"Shangazi, anayeulizwa ni Brayani?"

"Ndiye. Si ulisema kila unachotaka kusema kimo humu?"

"Brayani alimwacha baba yake hospitali?"

Shangazi alimkazia macho. "Unaniuliza mimi?"

Abeli alilegeza tai. "Nilisoma sura ya kwanza tu."

Nyuma ya pazia Irine alisahau kwamba ameshika sahani.

"Nilikinunua stendi ya Biharamulo," Abeli aliendelea. "Nilipofika pale Nansi anamsema yule kijana kwa kufua vibaya, nikaona ni yule yule aliyeniambia nimegusa wavu. Nikasema hapa pamenitosha. Nyumbani nilikuwa na madaftari ya darasa la saba ya kusahihisha, kitabu nikakifunga, nikamletea."

"Nansi aliacha mpira."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Haikupaswa kutoka, na wazee wote waligeuka. Lakini Irine alikuwa ameshavuka mstari, hakuona faida ya kurudi.

"Sura ya tatu akakaa jukwaani na leso, mpaka mwisho," alisema. "Hakugusa mpira tena."

Abeli aliligeukia pazia. "Aliumia?"

"Hakuumia."

"Aliacha kwa nini basi?"

"Mwandishi hakusema."

"Huyo mwandishi kakosea," Abeli alisema, na masikitiko yake yalikuwa ya kweli, kama mtu aliyeletewa habari mbaya za rafiki. "Nahodha mzima? Mimi nilidhani mwishoni kombe atalichukua yeye, na Brayani atabaki kufua."

Irine aliweka sahani chini, akasogea karibu na pazia.

"Na ukipata mke anayecheza Jumamosi?" aliuliza.

"Nitakuja kusimama pembeni. Akikosea, nitapiga kelele. Si alianza yeye?"

Mzee Pancras alicheka wa kwanza, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake. Mzee Shibuda alisubiri kicheko kipoe, kisha akauliza kwa tahadhari: "Kwa hiyo hajaoa?"

"Hajaoa, mzee," alisema Shangazi.

"Na kaka yangu anakamua?"

"Anakamua, tena naona maziwa ni mengi."

Shibuda akachukua glasi yake, akaimaliza yote.

Shangazi na kaka yake waliinamisha vichwa, wakanong'onezana kwa Kihangaza, lugha ya kwao. Kisha Shangazi alijiweka sawa kwenye kiti.

"Hodi yenu tumeipokea. Lakini kuna kosa, na kosa lina faini. Kwetu mtu akipeleka pombe ukweni, anaionja yeye kwanza, wenzake wakimwona. Kijana wenu katuletea maneno ambayo hakuyaonja. Tumeyanywa sisi, tumeumwa tumbo wiki nzima."

Mzee Shibuda alisugua viganja. Mambo ya faini alikuwa ameyazoea. "Sema, mama. Mbuzi? Mbuzi tunao."

"Akasome kitabu chote. Siku mtakayorudi kuzungumza mahari, nitamuuliza maswali. Asipojibu, mnageuzia mlangoni."

Shibuda alikichukua kitabu, akakipima mkononi kama anayepima nyama, akafunua katikati, akasoma kidogo huku midomo ikicheza. Alikirudisha mezani kwa huruma.

"Mama, chukueni mbuzi wawili. Kijana asamehewe."

"Mbuzi wataletwa kwa wakati wake. Kitabu asome."

Abeli aliondoka nacho kwapani, kimefungwa kwenye gazeti lile lile.

Jumamosi iliyofuata timu ya Rusumo ilikuwa na mechi na Kabanga. Abeli alitaka kuja, lakini Shangazi alimtumia neno kwamba kelele za uwanjani ni za mtu aliyemaliza faini. Irine alikuwa anafunga kamba za viatu simu ilipolia.

"Nimefika sura ya tatu," Abeli aliandika. "Leso nimeiona."

Kabla hajajibu, ukaingia mwingine: "Irine, kipa huyu si aliitwa Musa?"

Irine alicheka peke yake, mpaka wenzake wakamuuliza kuna nini. Aliandika: "Vumilia. Bado mvua."

Akaitumbukiza simu kwenye begi, akaingia uwanjani, maana yule mfungaji mrefu wa Kabanga alikuwa ameshaanza kujisogeza golini.