Mathias Hakupanda Mti

Jumamosi ile Fausta alifagia uwanja mara mbili, na mara zote mbili majani ya mfenesi yakamkomoa kwa kuanguka upya. Kamati ya historia ilikuwa inakuja kuukagua mti huo, na Fausta, mama wa miaka sitini na ushee asiyeweza kudanganya hata bei ya mihogo sokoni, alikuwa ameidanganya kamati.

Kambi Mpya ni mji mdogo kando ya barabara itokayo Korogwe kwenda Handeni. Jina waachieni wenyewe. Kambi haipo tena, na upya ulikwisha zamani. Hapo mwanzo palikuwa na mkonge tu, na manamba walioletwa kwa treni kutoka bara kuja kuukata. Mikataba yao ilipokwisha, mzee mmoja wa Kizigua, baba yake Mzee Semboja wa kamati, aliwagawia vipande vya kulima nje ya mpaka wa shamba. Limeni mahindi, aliwaambia, limeni mihogo na kunde, lakini mti msipande. Kila mtu alilielewa sharti hilo. Mahindi huvunwa, na aliyeyalima akaenda zake. Ila aliyepanda mti ameshasema ardhi hii ni yake na ya watoto wake.

Mwaka wa pili baada ya Uhuru, mzee yule akalegeza. Anayetaka kukaa, na apande. Watu wakapanda michungwa, minazi na mifenesi, na kwa wenyeji hiyo ndiyo siku mji ulipozaliwa. Sasa kamati ilikuwa inaandaa ubao wa waasisi wa kusimamishwa mbele ya ofisi ya kijiji, na kipimo chake kilikuwa kilekile: tuonyeshe mti wa mzee wako, tuandike jina lake.

Baba yake Fausta, Mathias, hakupanda hata mpapai. Alikuwa Mnyamwezi wa Sikonge. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alipewa, akalima miaka ishirini na miwili, na ugeni haukumtoka. "Tukishavuna tunarudi kwetu," alisema kila msimu. Mavuno yalikuja, yakaisha, safari ikasogezwa mbele. Jumapili alitembea mpaka Korogwe kuangalia treni tu, akarudi akimsimulia binti yake uyoga wa masika na asali ya porini, hadi mtoto akaitamani nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga. Alipofariki walimzika kwenye makaburi ya manamba. Miaka ikapita, trekta likalima pale, ukapandwa mkonge, na leo hakuna awezaye kuonyesha alipolala. Fausta alishajaribu. Alizunguka katikati ya mistari ya mkonge mpaka miba ikamchana khanga, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Ndiyo maana Dennis, katibu wa kamati, alipomuuliza mfenesi ule ni wa nani, ulimi usio na mfupa ukateleza. "Wa baba," alisema. Alitaka mahali. Hata kama ni ubao wa saruji, awe na mahali pa kusimama na kusema, baba yangu huyu hapa.

Walifika saa nne asubuhi, Dennis na daftari lake, Mzee Semboja na fimbo yake.

"Hodi hapa! Shikamoo, mama," alisema Dennis.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mnyamwezi wee. Leo umetupikia, au utatushibisha mafenesi?" Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na Semboja hakuwahi kumpita Fausta bila kumchokoza.

Dennis aliuzunguka mti, akafungua daftari. "Kwa hiyo naandika: Mathias, mfenesi."

Fausta alimtazama Semboja. Mzee huyu alikuwapo siku baba yake mwenyewe, mgawa ardhi, alipopita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anakaa na nani anaondoka. Alijua. Fausta akasubiri aibu yake.

Semboja alikohoa kidogo. "Mtoto ndiye amjuaye baba yake," alisema polepole. "Akisema alipanda, mimi sina ubishi. Andika, Dennis."

Fausta angenyamaza tu, jina lingeandikwa. Alipaswa kufurahi. Badala yake aliliona jina la baba yake limechorwa kwenye saruji pamoja na wale waliokubali kukaa, na aliyelifungia pale ni mtoto wake wa kumzaa. Mtu yule alikataa jambo moja tu maishani mwake, na ndilo hilo alilokuwa anaandikiwa.

"Ngoja, Dennis," alisema. "Nilikudanganya. Aliyepanda ni mama yangu Grasiana, Mshambaa wa Kwashemshi. Alikuwa na mimba yangu, akaogopa kwamba siku moja mume ataondoka. Alifukia kokwa nyuma ya jiko, na baba alipouona mche akaambiwa umejiotea. Mama aliniambia mwenyewe karibu na kufa kwake. Baba hakujua kamwe."

Dennis akainua kalamu. "Sasa baba tumfanyeje? Tunaweza kuwaandika wote wawili. Si mke na mume?"

"Mathias aliulizwa," Semboja alisema, naye utani ulikuwa umemwisha. "Mara tatu. Mara ya tatu alimwambia marehemu baba, 'Nikipanda mti hapa, nani atanirudisha kwetu?' Tulimcheka wiki nzima. Siku hizi sicheki."

Machozi yalimtoka Fausta, wala hakuyafuta. Maneno hayo hakuwahi kuyasikia, na bado aliyasikia kwa sauti ya baba yake kabisa. Alimlilia kuliko siku aliyomzika. Laiti angempata saa moja tu, angemshika mkono na kumpandisha treni mwenyewe.

"Mwandike mama," alisema. "Grasiana, mwanzilishi. Kwa herufi kubwa."

"Na Mathias?"

"Mathias hakukaa hapa, mwanangu. Alikuwa anapita." Alionyesha daftari kwa kidole. "Futa jina lake. Mwacheni arudi kwao."