Mtoto wa Mama Sindano

Akina mama wa mtaa ule walimwogopa Mama Sindano kuliko sindano yenyewe. Ukimchelewesha mtoto chanjo hata kidogo, nesi huyo alikusema mbele ya benchi zima mpaka ukatamani ardhi ipasuke. "Ulizaa ili nani akulelee?" angeuliza, huku mikono yake, ambayo haikuwa na ukali hata chembe, ikishika paja la mtoto na kumaliza kazi kabla mwenyewe hajaamua kulia. Kwa kazi alikuwa hodari, hilo hakuna wa kumnyima. Tatizo lilikuwa mdomo.

Siku hiyo alikuwa amemshikia bango binti mmoja aliyeleta mtoto anayetembea kabisa na hajapata chanjo ya surua, simu ikalia. Alikuwa mwanawe wa pekee, aliyeingia chuo cha udaktari muhula huo.

"Shikamoo mama. Hawa watu wa zahanati ya chuo wamenichosha. Wamenipima damu, eti sina kinga ya surua, na asiye na kinga haingii wodini."

"Marahaba, mwanangu. Wanasemaje?"

"Nesi wao anasema pengine sijawahi kuchanjwa. Nikamwambia mbele ya watu, mama yangu ndiye anayechanja mji mzima, wewe ndiye usiyejua kupima. Na wino wa kidoleni siku ile ya kampeni ya chanjo naukumbuka mwenyewe. Kesho naenda kumshtaki kwa mkuu wa chuo. Nitakupigia uongee naye, umwambie ulinichanja kwa mkono wako."

Mama Sindano alisema yuko kazini, atampigia baadaye. Akarudi mezani, akamchanja yule mtoto bila neno. Binti akaondoka akijiuliza kaponaje.

Wino ulikuwepo kweli. Miaka ile mwanawe alipofika umri wa chanjo ya surua, alishinda na mama yake kituoni, mara mgongoni, mara chini ya meza karibu na sanduku la barafu, na kila siku mama alijiambia, wangu atakuwa wa mwisho. Chupa moja ya surua huchanja watoto wengi, na ikishafunguliwa, kinachobaki jioni hutupwa. Aliona vibaya kufungua chupa mpya kwa ajili ya wake peke yake, watu wasije wakasema. Ikawa kesho, na kesho kutwa, mpaka mtoto akaanza kukimbia.

Ndipo ikaja kampeni. Msimamizi amesimama pale, foleni imezunguka uwanja, na mtoto wa nesi kang'ang'ania sketi ya mama yake anapiga mayowe. Akina mama wakaanza kucheka, wale wale aliokuwa akiwasema kila wiki. Akamvuta nyuma ya hema, akampaka kidoleni wino wa waliochanjwa, akamwambia, "Basi baba, tumemaliza." Aliapa kumchoma siku inayofuata. Lakini siku inayofuata angemchoma mbele ya nani, wakati kila mtu alishauona wino? Akaacha. Kuacha ni rahisi, ubaya wake ndio huo.

Baada ya simu ile, mchana kutwa aliupanga uongo, na kusema haki ulikuwa uongo mzuri. Wapo waliochanjwa ambao kinga huwapungua mwilini. Mkuu wa chuo angeukubali, mwanawe angeukubali, maisha yangeendelea. Aliufanyia mazoezi chooni mpaka ukanyooka. Kilichomshinda ni yule nesi asiyemjua, aliyepima sawasawa na kesho angesimamishwa mbele ya wakubwa ajieleze. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Akapiga simu.

"Mwanangu, usimshtaki yule nesi. Yuko sahihi."

"Sahihi vipi?"

"Sikukuchanja."

"Na wino?"

"Nilikupaka tu. Nisamehe, baba."



"Nilimtukana yule dada, mama. Darasa zima linasikia."

"Najua."

Kijana akakata simu. Tangu azaliwe hakuwahi kukata bila kuaga.

Chuo kilimruhusu achanjwe popote, na mwisho wa juma akaja kituoni moja kwa moja bila kupitia nyumbani. Alikaa kwenye benchi kati ya watoto wachanga, magoti yamemfika kifuani. "Na wewe daktari umeletwa kliniki?" mama mmoja akamtania, naye akatabasamu kwa adabu. Mama Sindano hakuthubutu kumtania. Alijifariji kwa jambo moja tu, kwamba angalau leo atamchoma mwenyewe, kwa mkono wake, taratibu. Akafungua chupa mpya, akavuta dawa, akaita zamu yake.

Kijana akasimama, mkono wa shati ameshaukunja. Alizungumza kwa upole, kama mtu anavyozungumza na mhudumu asiyemfahamu.

"Mama, naomba anichome mwenzako. Safari hii nataka niwe na uhakika."

Mwenzake wa meza ya pili aliangalia pembeni kwanza, kisha akaja, akaipokea sindano na kumaliza kazi.

"Asante, dada," kijana akamwambia, akashusha mkono wa shati na kutoka nje.

Mama Sindano akaita anayefuata. Mama mmoja akasimama na mtoto wake, akazitazama meza zote mbili, kisha akaenda kwa yule mwenzake.