Dume Aliyeuzwa Mara Mbili

Niwaulize kwanza nyinyi mnaojua mambo ya mtandao. Neno likishatoka mdomoni mwa mtu mzima, likasikiwa na kundi zima la watu, linarudishwaje tumboni? Mimi Naserian, mama Ezra, mjane wa boma moja huku bondeni nyuma ya Kabuku, sijui. Naambiwa sijui kwa sababu sikusoma. Haya, nisomesheni.

Kundi lenyewe la WhatsApp linaitwa Mnada Kiganjani. Mwenye kundi ni Sabiri, fundi simu wa Korogwe mjini. Kila Ijumaa watu wa Handeni na Korogwe wanatupia humo picha za wanachouza: pikipiki, vitanda, mashine za kukoboa, mbuzi, ng'ombe. Wanaotaka wanapanda bei. Saa kumi jioni Sabiri anafunga, na hapo ndipo muuzaji anatakiwa aseme kwa sauti yake, asiandike, kwamba amemuuzia fulani. Sabiri aliweka sharti hilo kwa kuwa wengi wetu kusoma ni kwa kubabaisha, na sauti ya mtu haikanushiki. Mnunuzi naye anajibu kwa sauti. Biashara imekwisha, kilichobaki ni kufuata mzigo na kulipa.

Ijumaa hiyo Muhsin wa Masuguru alitupia dume wa mbegu ya Borani, mwekundu, kifua kipana, nundu imesimama. Nilimtaka dume yule kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu nimzike mume wangu. Na nilikuwa na sababu.

Mume wangu alipofariki, mdogo wake Keriako alisimama mbele ya wazee akasema mwanamke hawezi kuongoza zizi. Wazee walibishana mchana kutwa, wakakata hivi: ng'ombe watabaki mkononi mwangu mpaka Ezra akue, ila masika haya wawe wameshika mimba. Nikishindwa, zizi zima linahamia kwa Keriako. Ezra bado anang'oka meno ya utoto. Mtoto wa umri huo akikuta ng'ombe wa baba yake kwenye zizi la baba mdogo, hatawaona tena. Kila mtu huku kwetu analijua hilo, na wazee walilijua.

Dume niliyekuwa naye alikuwa mzee, na nusu ya mitamba walikuwa binti zake. Kwa hiyo nilipanda bei. Mtu mmoja asiye na picha alikuwa akinifuata nyuma, nami nikampita kila mara mpaka akanyamaza. Saa kumi ikafika. Sauti ya Muhsin ikatoka kwenye simu, laini, ya mtu aliyeshiba: "Mama Ezra, nimekuuzia. Dume ni wako, Jumatatu uje na gari." Nikajibu, "Nimenunua." Watu wakanipongeza kwa vidole gumba vingi.

Kwetu dume mgeni haletwi kwenye boma lenye dume mwenyeji. Watapigana, mmoja atatoboka tumbo, na mara nyingi ni yule uliyemlipia. Mwenyeji anahasiwa kwanza, kidonda kikauke kabla nzi hawajazidi. Nikamwita jirani yangu Mepukori, mwenye kisu.

Mepukori alikikagua kisu chake, akanikagua na mimi. "Mama Ezra, ungesubiri kwanza umwone huyo wa Korogwe kwa macho."

"Mwenyewe ameshasema ameniuzia. Unataka aseme nini tena, aape?"

"Nasema tu subiri."

"Kata," nikamwambia. Jumamosi asubuhi dume wangu mzee akawa maksai.

Baadaye walikuja kunisema kisimani kwamba nilikosea. Sikukosea. Nilifanya kile ambacho mume wangu angefanya, na baba yake, na kila mwanaume aliyewahi kupokea kamba ya ng'ombe mnadani. Aliyekosea ni yule aliyesema asichokimaanisha.

Jumapili simu ikalia. Muhsin safari hii hakusema, aliandika. Binti yangu Ruthi akanisomea: "Mama samahani, biashara imeahirishwa, dume anaumwa ghafla." Nikamwambia Ruthi ampigie. Hakupokea. Baada ya muda likaja andishi la pili: mke wake amekataa dume asiuzwe. Sasa mimi, mtu mwenye sababu moja naweza kumsikiliza. Mwenye sababu mbili ni mwongo anayechagua.

Nilichukua simu nikasema kwenye kundi kila kitu, tangu neno la Ijumaa mpaka kisu cha Mepukori. Sabiri akajibu kwa sauti ya upole, ile ya kumbembeleza mgonjwa. "Pole sana mama. Ni bahati mbaya. Lakini mali ambayo haijalipwa bado ni ya mwenyewe."

Bahati mbaya! Mwezi uliopita kijana mmoja wa Segera aitwaye Zaidi alishinda jenereta kisha akashindwa kwenda kulichukua kwa sababu mama yake alilazwa. Picha yake ilibandikwa humo humo wiki nzima, neno TAPELI limeandikwa juu ya paji la uso. Mnunuzi akirudi nyuma ni tapeli. Muuzaji akirudi nyuma ni bahati mbaya. Nikamuuliza Sabiri hivyo hivyo, kwa sauti, wote wasikie: sheria gani hiyo yenye mguu mmoja? Kisha Ruthi akaitazama simu, akaniita mama kwa Kimasai: "Yeyo, wametutoa kundini."

Jumatatu nikapanda basi mpaka Korogwe. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu, mpaka mama aliyekaa kando yangu akaniuliza kama nina homa. Masuguru si pagumu, niliuliza kwa mwenye dume mwekundu, nikaonyeshwa.

Uani palikuwa na mambo ya ng'ombe lakini ng'ombe hakuwepo. Kulikuwa na hori la majani, ndoo ya pumba, samadi mbichi. Mke wa Muhsin, Hafsa, alikuwa anafagia. Aliponiona na shuka na shanga zangu alidhani nimetumwa.

"Karibu mama. Mmesahau nini tena? Mbona ng'ombe mlishampakia jana?"

"Nani alimpakia?"

"Si ndugu zenu? Yule mzee mwenye koti la kijani, mkono wake mmoja una vidole vinne."

Huku kwetu mwenye mkono wa vidole vinne ni mmoja tu. Fisi alimchukua kidole utotoni, na mume wangu ndiye aliyemtoa mdogo wake Keriako mdomoni mwa fisi yule.

Muhsin akatoka ndani anafunga kanzu. Kijana mtanashati, uso mzuri. Aliniamkia shikamoo. Sikuitikia, na katika maisha yangu sikuwa nimewahi kumnyima mtu marahaba.

"Dume anaumwa?" nikamuuliza.

Hafsa akamtazama mumewe. "Anaumwa nani?"

"Na mkeo ndiye aliyekataa?"

"Mimi?" Hafsa akauacha ufagio ukaanguka.

Muhsin akacheka kicheko cha aibu. "Mama, usikasirike. Yule mzee alikuja hapa na hela mkononi, ameongeza juu ya bei yako. Na alisema nyinyi ni ukoo mmoja. Nikaona, si ng'ombe ataenda kule kule? Leo kwake, kesho kwako, ni mambo ya nyumbani kwenu."

"Uliniuzia mimi au uliuzia ukoo?"

"Mama, mtandaoni ni mtandaoni. Watu wanaongea."

"Nimemhasi dume wangu kwa neno lako."

Hilo alilielewa. Ni mfugaji, japo wa ng'ombe mmoja. Uso wake ulibadilika kidogo, akafungua mdomo, na nilichotarajia ni aombe radhi. Akasema, "Sasa mama, hilo nalo ni la kwangu?"

Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Nilimwambia kwa Kiswahili, yalipoisha nikaendelea kwa Kimasai, na majirani wakaja kusimama mlangoni. Hafsa hakumtetea. Nilipotoka alinisindikiza mpaka barabarani, na huo ndio ubinadamu pekee nilioupata Korogwe.

Jioni nilimkuta Keriako amekaa mlangoni kwangu, koti la kijani begani.

"Pole, Mama Ezra. Nimesikia zizi lako halina dume." Alisema kama mtu aliyeleta pole ya msiba. "Wangu yupo. Lete ng'ombe wako wote wakae kwangu mpaka washike mimba. Sitakutoza kitu."

"Na wakishashika?"

"Tutaona."

Nilimtimua kwa ndoo ya maji machafu. Lakini usiku sikulala. Ng'ombe walikuwa wameanza kuhitaji dume, walipandana wenyewe kwa wenyewe kutwa, na maksai wangu alikuwa amesimama pembeni na kidonda chake. Wenye madume wengine nilipowaendea walinikatalia. Keriako alikuwa ameshapita kwao.

Sasa Keriako aliyajua mengi, ila alisahau kwamba dume hana masikio ya kusikia fitina. Siku mvua ilipokatika, upepo ukavuma kutoka bomani kwangu kwenda kwake. Mchana kweupe Borani alipasua ua wa miiba, akavuka korongo, akaingia zizini kwangu na matawi ya mgunga yakining'inia shingoni. Nilifunga mlango nyuma yake.

Keriako alikuja anahema, na wazee walewale nyuma yake, na Mepukori. Alikuwa amejiandaa. "Ndama watakaozaliwa, nusu ni wangu!"

"Tangu lini?" nikamuuliza. "Ndama anamfuata mama yake. Au kwa sababu mama yao ni wa mjane?"

Wazee hawakumuunga mkono. Mepukori alikohoa kuficha kicheko. Keriako akaingia na kamba, akavuta, akapiga, dume akamtikisia pembe akarudi kwa jike lake. Ng'ombe dume aliyeshikwa na jambo lake havutwi. Anafuata. Ukitaka atoke, mtangulize jike, naye atakuja nyuma.

Keriako alilijua hilo. Akaitupa kamba chini. "Mama Ezra, nakuomba. Mtoe yule jike, anitangulie mpaka kwangu. Nitamrudisha."

"Nimekubali," nikasema, kwa sauti, wazee wote wakasikia. "Kesho asubuhi njoo, nitamtoa."

Akashukuru. Akaenda, wakaenda wote, na dume akabaki na ng'ombe wangu mpaka asubuhi.

Alfajiri Keriako alikuwa mlangoni na vijana wake na kamba mpya. Wazee nao walikuja kushuhudia amani. Nilikuwa nakamua. Sikusimama.

"Nimeghairi," nikamwambia.

"Umeghairi nini? Mama Ezra, jana ulisema mbele za watu!"

"Nilisema. Leo nimeghairi. Rudi kesho, huenda nikasema tena."

Wazee wakashtuka, na nikawaona wakinitazama kwa jicho nisilolipenda, hata Mepukori. Mimi Naserian sikuwahi kurudisha neno langu tangu nizaliwe. Lilikuwa chungu mdomoni kama mwarobaini. Nililimeza, nikaendelea kukamua, na siku tatu zilizofuata Keriako alikuja kila asubuhi, na kila asubuhi nililimeza tena, huku dume akipanda ng'ombe wangu mmoja baada ya mwingine.