Mabati ya Nyumba ya Songo

Papa Ezéchiel alikuwa na nyumba mbili, na alihakikisha kila mtu Uvira analijua hilo. Ya Kavimvira, karibu na ziwa, aliishi mwenyewe na mkewe Sabine. Ya Songo, kule mlimani, alimpangisha Naomie, muuza vitenge. Halafu ziwa likapanda. Likaingia uani, likaingia sebuleni, na nyumba ya Kavimvira ikabaki ya vyura. Mwenye nyumba mbili akawa analala kwa shemeji yake, kwenye mkeka, na Sabine amenuna kutwa nzima.

Dawa ilikuwa moja: Naomie ahame. Ezéchiel alimpa notisi kama sheria inavyotaka, muda ukaisha, Naomie bado yuko. Alisema ametafuta mpaka miguu imevimba. Watu waliofukuzwa na maji wamejaza kila chumba cha mlimani. Ilikuwa kweli tupu, lakini ni mwenye nyumba gani anataka kusikia ukweli wa mpangaji?

Akaipeleka shida kwa wenzake, wenye nyumba waliokutana kila Jumapili baada ya misa kunywa na kupeana maarifa. Mmoja alishauri waende kwa shefu wa kartié, mkuu wa mtaa, wakamcheka. Frédéric, mwenye vyumba kila mtaa, alimwambia aache upole: aezue mabati ya chumba cha kulala, mpangaji ataondoka mwenyewe. Yeye amefanya hivyo mara nyingi. Hakusema, maana hakuulizwa, kwamba nyumba zake ni za matofali ya kuchoma. Ya Ezéchiel ni ya matofali mabichi, udongo mtupu. Jamani, mtu anajua nyumba yake ni udongo na bado anaiezua mvua ikiwa mlangoni!

Jumatatu fundi akapanda, mabati yakashuka, yakapangwa uani. Naomie alitazama tu, akawahamishia watoto wake sebuleni. Kesho yake mvua ikaja. Ezéchiel aliposikia inapiga juu ya bati la shemeji, ndipo akili ikamrudia. Ukuta! Akarukia moto, pikipiki ya kukodi, akamhimiza dereva mpaka maskini wa Mungu akatishia kumshusha njiani.

Alijua atakuta rundo la tope. Alikuta ukuta umesimama. Turubai la Naomie, lile la kufunikia vitenge sokoni, lilikuwa limelazwa juu ya kuta za chumba na kukandamizwa kwa mawe. Vitenge vyenyewe vilikuwa vimelowa chapachapa, rangi zinachuruzika. Naomie alikuwa juu ya ngazi, ameshikilia ncha ya turubai isipeperuke.

Ezéchiel aliona aibu, ile ya kushindwa kumtazama mtu usoni. Akamuuliza kwa nini hakufunika mali yake.

"Kitenge kikilowa, minye nitakianika," Naomie alisema. "Ukuta huu ukianguka, papa, tutalala wapi? Minye na watoto, na ninyi na mama Sabine?"

Mvua ilipopungua Ezéchiel alipanda mwenyewe kuyarudisha mabati, bila fundi, na Naomie akawa anampa misumari kutoka chini. Kabla hajashuka walikuwa wamekwishaelewana.

Jumapili wenzake walikuwa wanamngojea. Frédéric ndiye aliyeuliza, huku anatabasamu, kama yule mwanamke ametoka.

"Yeye bado iko," Ezéchiel akasema. "Ametupatia chumba."