Upande wa Baba

Chai ilikuwa imekaa mshazari katika kikombe cha mama: huku karibu imwagike, kule imeshuka kidole kizima. Mama hakuigusa. Aliniangalia tu, mimi niliyeisanifu nyumba ile ya kuelea, nikaona haya kama mwizi.

Kazi yangu ni kusanifu nyumba za juu ya maji. Hii niliwajengea wazazi wangu walipostaafu: madirisha hadi sakafuni, paneli za jua juu ya paa, matangi chini ya vyumba. Mama alitaka meza ya jikoni ya jiwe, na jiwe ni zito, basi upande wa pili nikaweka karakana ya baba, pamoja na jiliwa lake la kubania na mashine zake za chuma. Pande mbili zikalingana. Baba alifurahi mno. "Mama yako na jiwe lake, mimi na chuma changu," alikuwa akisema. "Tukiachana, tunazama wote."

Baba alipofariki, mama alikwenda kupumzika kwa mama mdogo. Mimi sikuweza kuiona karakana ile. Harufu yake ya grisi ilikuwa harufu ya baba. Nikawaita mafundi wachukue kila kitu bure. Nilijiambia namwondolea mama uchungu. Uongo mtupu, nilikuwa naondoa wangu. Na kinyozi hajinyoi: kwa wateja napima hata makochi, kwa mama sikupima chochote. Siku aliyorudi, nyumba ilikuwa imelalia jikoni, na chai ikakaa vile.

"Hata bisibisi moja hukuniachia?" aliuliza hatimaye.

Nilijaza magunia ya mchanga katika karakana. Nyumba ikanyooka, nikaondoka nikidhani nimetengeneza. Nilipokuja tena kumtembelea, ilikuwa imelala vilevile. Mchanga wote alikuwa ameumwaga majini, kopo kwa kopo, na mgongo wake ule mbovu.

"Mama, utaishije hivi?"

"Nimeshazoea. Mchanga si baba yako."

Nilibeba kiti changu, nikaenda kukaa upande wa baba, katikati ya sakafu tupu yenye alama za mashine. Nilikaa kwa uzito wangu wote. Nyumba haikusogea.

"Hutoshi, mwanangu," mama alisema kwa upole. Akanimiminia chai, nusu kikombe, isije ikamwagika.