Mtumiaji Mmoja wa tcsh

Kabla ya kuhamishia kazi zote kwenye kompyuta kuu mpya, Paskalina alihesabu nani anatumia sheli gani. Si sheli ya mafuta. Kwa watu wa kompyuta, sheli ni programu inayopokea amri unazoandika na kuzifikisha kwa mashine. Kituo chao cha utafiti wa misitu, juu ya Magamba, kilikuwa na watu arobaini na mmoja walioingia kwenye mashine moja ya zamani, kila mtu kwa jina lake. Thelathini na saba walitumia bash. Watatu wa kitengo cha ramani walipenda zsh. Aliyebaki ni Mzee Sefania, mpima mvua, na yake ilikuwa tcsh ya enzi zile.

Kila programu ya ziada ilikuwa mzigo wa kutunzwa, na mtunzaji alikuwa Paskalina peke yake. Hakuiweka tcsh kwenye mashine mpya. Akampa mzee bash kama wengine, na kwa kuwa wiki hiyo mzee alikuwa kijiji cha Mtae kukagua vipimo, hakumwambia. Atazoea, aliwaza.

Jumatatu saa mbili asubuhi mzee alisimama mlangoni kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeandika *mazi*, mashine inasema haijui neno hilo."

Mazi ni maji kwa Kishambaa. Ndani ya tcsh yake mzee alikuwa amejitungia amri fupi za lugha ya nyumbani, na hiyo ilimwonyesha mvua iliyonyesha tangu jana. Paskalina akamweleza uzuri wa bash na jinsi karibu kila mtu anavyoitumia. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sawa. Na ujumbe wa Mazinde umekwenda?"

"Ujumbe gani, mzee?"

Kumbe kila alfajiri programu aliyoiandika mzee miaka kumi na miwili nyuma ilijumlisha mvua ya milimani, na ikizidi kiwango iliwatumia ujumbe wa simu viongozi wa vitongoji kule chini Mazinde. Iliandikwa kwa tcsh. Kwenye mashine mpya haikupata wa kuisoma, ikanyamaza.

Paskalina alifungua takwimu mwenyewe. Kipimo cha mteremko wa juu ya Mazinde kilionyesha milimita tisini na nne kwa usiku mmoja. Mzee hakumgombeza, alikuwa ameshatoa simu.

"Twaha, watoe watu wa korongoni. Sasa hivi. Ujumbe haukuja, lakini maji yanakuja."

Maji yalifika baada ya saa moja na robo. Twaha, kiongozi wa kitongoji, alipiga kusema yamebeba mbuzi watatu na bustani mbili za nyanya. Watu wote walikuwa wameshapanda juu.

Paskalina alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa kituo, Bi. Rukia, akaeleza alichokifanya. Kisha akarudisha tcsh. Ilimchukua dakika kumi, na hizo dakika kumi ndizo zilizomuuma kuliko onyo aliloandikiwa.

Wiki ile alizunguka meza kwa meza, safari hii akiuliza badala ya kuhesabu. Wa ramani walisema zsh inawamalizia majina marefu ya mafaili. Wa bash wengi hawakuwa na sababu.

"Niliikuta," alisema Bi. Rukia. "Kuna nyingine?"

Waliochagua kwa kujua wanachokitaka walikuwa mzee na wale watatu wa ramani.

Wakakubaliana hivi: kila mtu aandike amri zake kwa sheli anayoipenda, lakini programu inayobeba maisha ya watu iandikwe kwa sheli ambayo yeyote kituoni anaweza kuisoma na kuitengeneza. Paskalina na mzee waliketi wiki mbili wakiiandika upya ile ya Mazinde. Walibishana sana. Mzee aliona bash ina maneno mengi. Paskalina aligundua kosa la zamani la kujumlisha ambalo mzee hakuwahi kuliona, naye akalikubali bila shida.

Mzee Sefania anastaafu Juni. Paskalina ameulizwa ataiondoa lini tcsh, akasema bado. Glory, binti anayerithi kazi ya vipimo, ameshaanza kuitumia, na ameongeza amri zake tatu.