Betri za Mzee Jailos

Jumanne, tarehe 12 Juni 1973. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeushukia mji wa Mbeya hata mlima Loleza hauonekani, na baridi ilikuwa ile ya kumtoa mtu moshi kinywani akisema.

Sekela, ambaye watu walimwita Mama Fanueli, alimaliza sala yake, akachukua kikapu, akatoka kwenda kukusanya betri zilizokufa. Trekta la taka lilipopita Mwanjelwa lilibeba maganda na majivu, lakini betri za redio na tochi utingo alizirudisha mlangoni, maana moto wa jalalani ukizikuta hupasuka kama risasi. Kwa hiyo zilirundikana uvunguni mwa vitanda, hazina wa kuzitaka.

Sekela alizitaka. Ubao wa darasa la watu wazima, katika chumba cha nyuma ya kanisa, ulikuwa umechujuka hata maandishi ya chaki hayaonekani. Mkaguzi, Ndugu Magesa, alikwishawaonya: akirudi akaukuta vile vile, atalifunga darasa, wanafunzi wahamie Uyole. Kwa vijana Uyole si mbali. Kwa Sekela, mwenye miaka hamsini na miwili na goti bovu, huko ndiko kungekuwa mwisho wa shule, naye ndiyo kwanza alikuwa amejua kuunganisha silabi. Na Ndugu Magesa alikuwa anarudi leo, saa kumi alasiri.

Jumapili alikuwa ametangaza kanisani kwamba mwenye betri zilizokufa aziweke nje ya mlango, Jumanne atazipitia. Watu walimsikia. Hapa akakuta mbili, pale nne. Kwa Mzee Jailos, mzee wa kanisa, akakuta sita zimepangwa juu ya ungo kama mayai. Akamshukuru Mungu kwa sauti, akazimimina kikapuni.

Kufika saa nne alikuwa amezipasua kwa jiwe, amesaga ule unga wake mweusi na kuuchanganya na majani ya maboga yaliyotwangwa. Yeye na Mwalimu Yudith, msichana mpole aliyewafundisha, wakaupaka ubao mara tatu. Jua lilipotoka likaukausha, ukawa mweusi tititi.

Saa kumi ilipokaribia, wanafunzi walikuwa wameketi na Ndugu Magesa yuko kwenye kiti cha mbele. Mzee Jailos akaingia na redio kwapani. Kila Jumanne walisikiliza kipindi cha afya kwenye redio yake, kisha wakakijadili, na mjadala huo ndio mkaguzi aliokuja kuusikia. Mzee Jailos akaeleza kwa masikitiko kwamba betri zilikuwa zimelegea. Alizitoa nje alfajiri zingoje jua, zipate nguvu kidogo kama kawaida, lakini mtu akazichukua juu ya ungo.

Sekela aliitazama mikono yake, bado myeusi mpaka viwikoni. Angeweza kunyamaza; kikapuni betri zote zilifanana. Akaomba moyoni maneno mawili tu, Bwana nisaidie, akasimama, akasema ni yeye.

Mzee Jailos, ambaye Jumapili ile hakufika kanisani, aliutazama ubao.

"Kumbe Dar es Salaam yote iko pale," alisema. "Mama Fanueli, umeisaga pamoja na taarifa ya habari."

Darasa likacheka hata mabenchi yakalia. Ndugu Magesa hakucheka. Alisema ubao ni mzuri, hana neno, lakini kikundi cha redio kisicho na redio atakiandikia nini? Mwalimu Yudith akajibu kwamba somo limo katika kijitabu, atalisoma yeye. Mkaguzi akakataa. Kwamba mwalimu anajua kusoma, hilo alikwishalijua. Asome mwanafunzi.

Wote wakainama kama watu wanaotafuta sindano sakafuni. Sekela alikuwa bado amesimama, basi kijitabu kikamfikia yeye.

Alisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, habari za maji yasiyochemshwa. Katikati sauti ikazama.

"Stesheni inapotea," Mzee Jailos akanong'ona. "Geukia dirishani uyashike mawimbi."

Akageuka kweli, akapata mwanga, akaendelea. Kwenye neno vijidudu alikwama, akarudi nyuma, akakwama tena, mara ya tatu akalivuka. Alichukua muda mara mbili ya ule wa redio, lakini aliifikia nukta ya mwisho. Ndipo Gideoni mpasua mbao akaleta ubishi kwamba maji yaliyochemshwa hayana ladha, na Sekela akamjibu hapo hapo kwamba kaburi nalo halina ladha. Redio haijapata kumjibu mtu. Mjadala wa siku ile ulichangamka kuliko yote.

Ndugu Magesa aliandika, akafunga daftari. Alisema darasa litabaki Mwanjelwa, ila kikundi kisikose somo hata Jumanne moja. Akauliza nani atalisimamia hilo.

Sekela akajifuta mikono kwenye kanga, ingawa weusi haukutoka.

"Mbele za Mungu na mbele yenu nyote," alisema, "mpaka Mzee Jailos apate betri nyingine, kila Jumanne saa kumi nitasimama hapa nisome. Na betri ya mtu sitaigusa tena kabla sijabisha hodi nikaitikiwa."